Fritz Von Erich: Baba aliyewapa wanawe ulingo, akazika watano

Februari 18, 1993, Jack Adkisson alikuwa mzee wa miaka 63. Siku hiyo, kwenye shamba lake katika wilaya ya Denton, jimbo la Texas nchini Marekani, mwanawe Kerry alijitoa uhai. Kerry alikuwa ametimiza miaka 33 wiki mbili tu zilizopita, na aliacha watoto wawili wa kike.

Lilikuwa jeneza la tano kwa mzee huyo. Alijaliwa watoto sita, wote wa kiume, na sasa alikuwa amebaki na mmoja.

Mashabiki wa mieleka hawakumjua mzee huyo kwa jina la Adkisson. Walimjua kama Fritz Von Erich, mwanamieleka mwenye mkono mkubwa ambao ukikamata paji la uso wa mpinzani, mpinzani anapiga magoti. Mbinu hiyo iliitwa Makucha ya Chuma, na ndiyo iliyotoa jina la filamu ya Hollywood iliyotoka mwaka 2023 kuhusu familia yake.

Leo watoto wengi wanaangalia mieleka kwenye televisheni na kwenye simu, wanarukiana kwenye makochi na kuvunja vitanda. Mzazi anacheka au anafoka, kisha anaendelea na shughuli zake. Habari ya Von Erich, hata hivyo, haihusu sana ulingo. Inahusu nyumba: baba, mama na watoto sita, na jinsi mambo mema kama bidii, umoja wa ndugu na sifa njema ya familia yanavyoweza kugeuka mzigo usiobebeka.

Jina la kuazima

Jack Barton Adkisson alizaliwa Agosti 1929 katika mji mdogo wa Jewett, Texas. Akiwa kijana alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas. Mwaka 1950 alimuoa Doris Smith, na muda si mrefu akaacha mpira na kuingia kwenye mieleka. Mafunzo aliyapata Kanada kwa Stu Hart, mwalimu maarufu ambaye naye baadaye alikuwa baba wa ukoo mkubwa wa wanamieleka.

Mieleka ya kulipwa ni mchezo na ni maonyesho. Matokeo hupangwa kabla, na kama ilivyo kwenye filamu, lazima awepo stelingi na lazima awepo adui. Adkisson alipewa nafasi ya adui. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka michache tu nyuma, Wamarekani wengi walikuwa wamepoteza ndugu, na hakuna mtu aliyechukiwa kama askari wa Hitler. Hivyo kijana wa Texas akajiita Fritz Von Erich, Mjerumani katili, akapewa na "ndugu" wa kubuni aliyeitwa Waldo. Watu walilipa kiingilio ili waje wamzomee.

Chuki ile ilimlipa vizuri. Kadiri miaka ilivyokwenda aligeuka na kuwa kipenzi cha watu wa Texas, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameshika biashara ya mieleka ya Dallas. Sasa alikuwa mpiganaji na pia promota: ndiye aliyepanga nani apigane, nani ashinde na nani alipwe kiasi gani. Jina lile la kuazima akalibakiza. Wanawe walipofika umri wa kupanda ulingoni, walipanda wakiitwa Von Erich.

Kifo cha kwanza

Kabla ya umaarufu huo, familia ilikwishapata pigo. Mwaka 1959 Fritz na Doris walikuwa wakiishi kwenye nyumba ya magurudumu huko Niagara Falls, jimbo la New York, kwa sababu mwanamieleka wa siku zile alihama kila mara kufuata mapambano. Mtoto wao wa kwanza, Jack, alikuwa na miaka sita. Machi mwaka huo alipigwa na shoti ya umeme akicheza nje, akaanguka kwenye maji ya theluji iliyoyeyuka na kufa humo.

Kevin, wa pili, alikuwa hajatimiza miaka miwili. David alikuwa bado mchanga. Kerry, Mike na Chris walikuwa hawajazaliwa. Watoto hao wote walikulia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na kaburi.

Vijana waliopendwa

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kevin, David na Kerry walikuwa wameshika nafasi ya baba yao. Fritz mwenyewe aliagwa rasmi kama mpiganaji Juni 1982 katika uwanja wa Texas Stadium. Kampuni yake, World Class Championship Wrestling, ilifanyia maonyesho yake katika ukumbi mkongwe wa Dallas ulioitwa Sportatorium, wenye paa la bati na joto kali wakati wa kiangazi.

Kilichowatofautisha na wenzao kilikuwa televisheni. Walitumia kamera nyingi, picha za kurudiwa polepole na muziki wa kumsindikiza mpiganaji akiingia, mambo ambayo wakati ule hayakuwa ya kawaida katika mieleka. Kipindi chao kilirushwa katika miji mingi ya Marekani na kufika hata Israeli, ambako vijana hao walipokelewa kama nyota wa filamu.

Kevin alipigana pekupeku na kuruka kama paka. David alikuwa mrefu kupita wote, mwenye kipaji cha kuongea na kupanga pambano. Kerry alikuwa na mwili uliojengeka kama wa sanamu; chuoni alikuwa mrusha kisahani hodari. Wasichana walipanga foleni kuwapa maua. Wazazi waliwapenda kwa sababu walitangazwa kama vijana wa kanisani, watiifu kwa baba yao, wasiojua pombe wala dawa.

Usiku wa Krismasi mwaka 1982, Kerry alipokuwa akigombea mkanda wa dunia dhidi ya Ric Flair ndani ya uzio wa chuma, mwanamieleka Terry Gordy wa kundi la Freebirds alimbamiza kichwani kwa mlango wa uzio huo. Ugomvi wa Von Erich na Freebirds ukaanzia hapo na kujaza kumbi kwa miaka. Pesa iliingia. Familia ikawa biashara, na biashara ikawa familia.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa bila mtu kuuona. Kama bidhaa inayouzwa ni ndugu, basi kampuni inahitaji ndugu wakati wote. Akikosekana mmoja, lazima apatikane mwingine.

Tokyo, Februari 1984

Februari 10, 1984, David alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli mjini Tokyo, alikokwenda kupigana. Alikuwa na miaka 25. Taarifa rasmi ilisema ni ugonjwa wa utumbo uliomshambulia ghafla. Baadaye baadhi ya wanamieleka wenzake, akiwamo Ric Flair, walidai kwamba dawa zilihusika. Familia imekana madai hayo siku zote.

Maelfu walihudhuria maziko. Watu wa karibu na mchezo huo waliamini kwamba David ndiye aliyekuwa akiandaliwa kuwa bingwa wa dunia. Chini ya miezi mitatu baadaye, Mei 6, kampuni iliandaa tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Texas Stadium, na zaidi ya watu 30,000 walifika. Kerry akapanda ulingoni badala ya kaka yake, akamshinda Flair na kutwaa mkanda. Uwanja mzima ulilia.

Alikaa na mkanda ule siku 18. Alipokonywa Yokosuka, Japani, nchi ileile aliyofia David.

Kwa mtazamaji, ile ilikuwa hadithi nzuri ya mdogo kumlilia kaka kwa ushindi. Kwa mzazi anayeitazama leo, kuna swali lingine: kijana wa miaka 24 alipata lini nafasi ya kukaa chini na kuomboleza? Katika mila nyingi za Afrika Mashariki, msiba una matanga. Watu huacha kazi, hukaa pamoja, hulala chini, hupika sufuria kubwa na kumsema marehemu mpaka machozi yaishe. Wana wa Von Erich walirudi kazini, na kazi yenyewe ikawa kuonyesha majonzi yao mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mike na gitaa lake

Mike alikuwa wa tano kuzaliwa. Alipenda muziki na kupiga gitaa, na alikuwa na mwili mwembamba kuliko kaka zake. Alikuwa ameanza kupigana mwishoni mwa 1983, na baada ya kifo cha David pengo kubwa likawa la kuzibwa naye. Akiwa na miaka 20 akasukumwa mbele ya safu, akipimwa na watazamaji kwa kipimo cha kaka aliyemzidi kwa kila kitu ulingoni.

Mwaka 1985, katika ziara ya Israeli, aliumia bega. Baada ya upasuaji alipata maambukizi makali ya damu, homa ikapanda kupita nyuzi 41, na madaktari wakakata tamaa. Alipona, na wengi waliona ni muujiza. Lakini aliyetoka hospitali hakuwa Mike yule wa zamani. Alikuwa amekonda, anaongea kwa taabu, na mwendo wake ulikuwa umebadilika.

Julai 1986 alirudishwa ulingoni, akitangazwa kama muujiza unaotembea. Aliyemtazama kwa makini aliona kijana anayejilazimisha. Aprili 1987 alitoweka nyumbani, na baada ya msako wa siku kadhaa mwili wake ulipatikana karibu na ziwa. Alikuwa amejitoa uhai kwa kumeza dawa. Alikuwa na miaka 23, na aliacha maandishi ya kuaga.

Siri ndani ya kiatu

Kerry naye alikuwa akipita katika shimo lake. Juni 1986, akiendesha pikipiki bila kofia ngumu, aligonga gari la polisi. Mguu wa kulia uliharibika vibaya. Alirudi ulingoni mapema mno, na mwishowe madaktari wakaukata wayo.

Hapo familia na Kerry mwenyewe walichagua kuficha. Kwa miaka iliyobaki ya maisha yake alipigana akiwa na wayo wa bandia ndani ya kiatu, huku mashabiki na hata wengi wa wenzake wakiwa hawajui. Inasimuliwa kwamba alioga na viatu miguuni ili asigundulike. Katika pambano moja la mwaka 1988 mjini Las Vegas, mpinzani alimvuta mguu na kiatu kikatoka na kilichomo. Waliokuwa karibu walibaki midomo wazi, lakini siri iliendelea kulindwa.

Mwaka 1990 Kerry alijiunga na WWF, kampuni ambayo leo ni WWE, akiitwa Texas Tornado. Agosti mwaka huo, katika SummerSlam, alimshinda Mr. Perfect na kutwaa mkanda wa Intercontinental. Watazamaji hawakujua kwamba bingwa yule alikuwa akisimama kwa mguu mmoja mzima.

Maumivu hayafichiki kwa kiatu. Kerry aliyatuliza kwa dawa, na dawa zikamteka. Alikamatwa, akaingia matatani na mahakama, ndoa yake ikavunjika. Mwanzoni mwa 1993 alikuwa anakabiliwa na kesi ya dawa za kulevya iliyoweza kumpeleka gerezani. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika habari ya Kerry methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Chris, aliyetaka kufanana na kaka zake

Chris, kitinda mimba, alizaliwa mwaka 1969. Aliugua pumu tangu utotoni, na dawa alizotumia kwa muda mrefu ziliidhoofisha mifupa yake. Alikuwa mfupi, na mifupa yake ilivunjika kwa urahisi. Hata hivyo alitaka kitu kimoja tu: kuwa mwanamieleka kama kaka zake. Alianza kupigana mwaka 1990 akaona kwamba mwili hautaki. Septemba 1991, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 22, naye akajitoa uhai.

Filamu ya 2023 ilimwacha Chris kabisa. Mwongozaji Sean Durkin aliona kwamba hadithi tayari imebeba misiba mingi kuliko watazamaji wanavyoweza kustahimili. Maana yake ni kwamba mambo yaliyoipata familia hii yalikuwa mazito kuliko filamu ya kuyasimulia.

Pale biashara ilipoingia msibani

Kuna sehemu ya urithi wa Fritz ambayo hata wanaompenda wanaona taabu kuitetea. Tamasha la kumkumbuka David liligeuzwa la kila mwaka. Mei 1987, wiki chache baada ya Mike kufa, tamasha lilifanyika tena, na jina la Mike likaongezwa kando ya la kaka yake.

Kabla ya hapo, ndugu walipoanza kupungua, Fritz alileta kijana asiye na undugu wowote na familia, akamtangaza kuwa ni mtoto wa ndugu yake na kumwita Lance Von Erich. Uongo ulipojulikana, mashabiki walihisi wamechezewa. Kisha Krismasi ya 1987 ikaigizwa kwamba Fritz ameshambuliwa ulingoni na yuko mahututi, na watangazaji wakazungumza kana kwamba baba huyo huenda asiamke. Kwa watu waliokuwa wamemlilia David na Mike kwa machozi ya kweli, ule ulikuwa mzaha uliovuka mpaka.

Kumbi zilianza kupwaya. Kampuni ikaunganishwa na nyingine, na kufikia mwaka 1990 zama za World Class zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1992 Doris, aliyevumilia ndoa kwa miaka 42 na wakati huo akiwa ameshazika watoto wanne, aliachana na Fritz. Mwaka uliofuata akamzika Kerry. Fritz alifariki kwa saratani Septemba 1997, akiwa na miaka 68. Doris aliishi hadi mwaka 2015.

Laana, au kitu kingine?

Marekani nzima ilizungumzia "laana ya Von Erich". Neno hilo halihitaji tafsiri Afrika Mashariki. Vifo vikiandamana kwenye nyumba moja, majirani huanza kunong'ona: kuna mkono wa mtu, kuna deni la mizimu, kuna jambo babu alifanya.

Laana ina faraja yake, kwa sababu inamwondolea kila mtu lawama. Tatizo ni kwamba inafunga pia mlango wa kujiuliza. Ukiviweka vifo vile kwenye mstari mmoja, unaona mambo ambayo hayahitaji mganga kuyaeleza. Jack alikufa kwa ajali ya umeme. David, kwa taarifa rasmi, alikufa kwa ugonjwa. Mike, Chris na Kerry walijitoa uhai ndani ya miaka sita, na kila mmoja alikuwa amebeba mwili unaouma, huzuni ya ndugu waliotangulia, na jina ambalo hakujua namna ya kulitua. Wataalamu wa afya ya akili wanaeleza kwamba mtu akijiua, walio karibu naye nao huwa katika hatari kubwa zaidi, hasa wakiachwa na uchungu wao bila msaada. Hicho si kitu cha kurogwa. Kinaweza kuzuiwa.

Je, lawama zote ni za Fritz? Kevin, mwana pekee aliyebaki, amekataa mara nyingi kumchora baba yake kama katili. Amesema baba alikuwa mkali lakini aliwapenda, na kwamba wao wenyewe waliupenda mchezo. Ushuhuda wake una uzito, maana ndiye aliyekuwamo ndani ya nyumba.

Lakini mtoto anaweza kupenda anachopenda baba kwa sababu tu anampenda baba. Pale ambapo baba ni mzazi, mwalimu, mwajiri na mwenye ukumbi, ni vigumu sana kwa kijana kusema, "Nimechoka, siwezi." Hahitaji kupigwa ndipo anyamaze. Inatosha ajue kwamba akiacha, meza nzima ya familia itayumba.

Hilo halikutokea Texas peke yake. Yuko mzazi anayetaka mwana awe daktari kwa sababu yeye alikosa alama. Yuko anayemsukuma binti kwenye biashara ya familia, na anayeona kipaji cha mtoto uwanjani akaanza kupiga hesabu ya nyumba atakayojengewa. Nia inaweza kuwa njema kabisa. Swali ni kama mtoto ameachiwa mlango wa kutokea.

Aliyebaki

Kevin naye alipata majeraha mengi ya kichwa na magoti. Tofauti yake ni kwamba alitoka. Aliacha mieleka ya kila siku, akahama na mke wake Pam hadi Hawaii, akaishi karibu na bahari, mbali na kelele za Dallas. Amewahi kueleza uchungu wa mtu aliyekulia katikati ya kundi la ndugu na kuamka siku moja akiwa si kaka wa mtu yeyote.

Mwaka 2009 familia iliingizwa kwenye orodha ya heshima ya WWE, katika sherehe iliyofanyika Houston, Texas. Kevin alipokea tuzo kwa niaba ya wote.

Wanawe wawili, Ross na Marshall, waliamua kuwa wanamieleka, na mwaka 2019 walitwaa mkanda wa timu wa kampuni ya MLW. Wapo wanaoshangaa baba aliwezaje kuruhusu. Lakini walianza wakiwa watu wazima, wakajifunzia kwa mwalimu mwingine, na mshahara wao haukutegemea baba awe promota. Jina ni lilelile, ila mlango wa kutokea haujafungwa kwa komeo.

Cha kubeba mzazi

Mwanamieleka Bret Hart, mtoto wa Stu Hart aliyemfundisha Fritz, ameeleza kwamba Kerry alimwambia mapema kuwa anatamani kuwafuata ndugu zake. Maneno yalitoka. Ni jambo la kukumbuka kwa sababu watu wengi bado wanaamini kwamba anayesema atajiua hawezi kufanya hivyo, kwamba anatafuta tu kuhurumiwa. Si kweli. Anayesema anaomba msaada kwa lugha aliyobaki nayo.

Mtoto au kijana anayejitenga ghafla, asiyelala au anayelala mchana kutwa, anayegawa vitu vyake alivyovipenda, anayesema nyumba ingekuwa na nafuu bila yeye, asijibiwe kwa mahubiri wala kwa kuambiwa awe mwanaume. Akae na mtu mzima anayemwamini, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Shirika la Afya Duniani limeeleza hivyo, na wengi hupata nafuu wakigundua kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia. Kisha asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa, na daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuelekeza pa kuanzia.

Nyumbani, vitu vya hatari viondolewe mbele ya macho. Dawa za kutuliza maumivu na za usingizi, sumu za wadudu na za mifugo, vifungiwe. Kwa mtu aliye katika saa mbaya, kikwazo cha dakika chache kinaweza kuokoa maisha, maana saa hiyo hupita.

Na msiba ukiingia, watoto wasiachwe nje ya maombolezo kwa kudhani hawaelewi. Waruhusiwe kulia, kuuliza na kulitaja jina la aliyekufa. Asiambiwe mtoto aliyebaki kwamba sasa yeye ndiye fulani. David hakuzibika kwa Mike, na Mike hakupaswa kuulizwa hivyo. Kila mtoto huja na jina lake na mwili wake, na wengine huja na gitaa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna anayeweza kusema Fritz Von Erich hakuujua. Aliujua mara tano. Alikuwa na mkono ulioogopwa na wanaume wakubwa katika kila ukumbi aliopita, lakini mkono huohuo ulihitajika nyumbani kwa kazi nyingine, nyepesi kuliko Makucha ya Chuma na ngumu zaidi: kumshika kijana begani na kumwambia kwamba anaweza kuacha, aende kupumzika, na bado atakuwa mwana.